Kiatu Namba Arobaini na Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo naanza daftari jipya. La zamani mke wangu alilitumia kuwashia jiko, akasema alidhani ni karatasi taka. Sikubishana. Kalamu ni ileile, mkono ni uleule, na adui ni yuleyule: shemeji yangu.

Niandike kwa utaratibu. Mama mkwe anatimiza miaka sabini tarehe kumi na sita. Kutakuwa na sherehe. Penye sherehe pana hotuba, na mzungumzaji ni mmoja. Jana alasiri tulijazana wote sebuleni kwake, watoto wamekalia mikono ya makochi, tukajadili nani azungumze. Nikanyoosha mkono. Shemeji naye akanyoosha. Wa kwake ulifika juu kabla ya wangu kwa sababu ni mrefu, si kwa sababu nyingine.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva. Hajui kuketi kama watu. Hata kwenye kochi, mtu akisema jambo asilolipenda, mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Humu daftarini namwita Bwana Breki. Basi Bwana Breki akawakumbusha watu kwamba kwenye harusi yake nilipewa dakika tano nikachukua arobaini na tano, keki ikalainika na bibi harusi akasinzia. Uongo mtupu! Bibi harusi alifumba macho kwa kuguswa.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Hapigi kelele, hutazama tu. Akatutazama. Akasema wajukuu wamemchosha na habari za ule ukumbi mpya wa boling, pale wanapovingirisha mpira mzito kuangusha vigingi viitwavyo pini, basi Jumamosi twende wote, na kati yetu sisi wawili atakayeangusha pini nyingi ndiye atakayezungumza. Kikao kikafungwa. Watoto walishangilia mpaka kikombe kikaanguka.

Hotuba ninayo tayari. Kurasa kumi na moja. Na kwa kuwa hakuna anayesoma hapa, niseme ukweli. Miaka kumi na mbili iliyopita nilikwenda kuposa nikiwa fundi viatu mwenye gundi kwenye kucha. Ukoo mzima wa walimu na makarani ulinitazama kuanzia kichwani hadi soli. Mama mkwe peke yake ndiye aliyenivutia kiti. Sijawahi kumshukuru. Kila nikitaka, koo linakauka, najikuta naongea habari za visigino. Kwa hiyo hotuba hii lazima iwe yangu.

Mke wangu kauliza tena habari za viatu vyake vyeusi vya kazini. Ni muuguzi, anasimama kutwa. Viko kwenye rafu ya karakana tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Kesho, nimemwambia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mungu si Athumani! Leo saa nne asubuhi amekuja mtu karakana, anahema, nyuma yake kirikuu, kigari cha mizigo, kimejaa magunia. Ni meneja wa ukumbi wa boling. Ukumbi ndiyo kwanza una miezi mitatu na viatu vyao vinafungua midomo. Jozi sitini. Anavitaka vimeshonwa na kutiwa gundi kabla ya Jumamosi.

Jumamosi! Nilishika meza nisipige vigelegele.

Akanieleza siri ya viatu hivyo. Mtu haruhusiwi kucheza na viatu vyake. Unataja namba kaunta, unapewa vyao, na namba imeandikwa kubwa nyuma ya kisigino hata kipofu angeiona. Mguu mmoja una soli laini, ili uteleze kidogo ukirusha mpira. Mguu wa pili una soli ya mpira, ili ukushike usiende zako. Huo wa pili, akasema meneja, ndiyo breki.

Ndiyo breki! Alipoondoka nilifunga mlango nikacheka peke yangu mpaka mshonaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mpango ni mwepesi. Bwana Breki anavaa arobaini na tatu. Nina hakika kuliko ninavyojua umri wangu. Miaka sita sasa ananiletea viatu vya namba hiyo, vya kahawia, vipana, vilivyolika upande wa nje. Namfanyia siku hiyohiyo, asije akapata la kusema. Uso hudanganya, ulimi hudanganya, mguu haudanganyi. Huo ndio msemo wangu, nimeuandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu.

Katika magunia yote, namba arobaini na tatu ziko jozi tatu tu. Nitaziondoa breki zote tatu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kazi imekamilika. Nimebandua soli za mpira, nimebandika ngozi laini miguu yote miwili, nimepiga msasa, kisha nta ya mshumaa, kisha brashi, kisha nta tena. Unaweza kujitazama meno.

Fundi mzuri hupima kazi yake. Mimi navaa arobaini na moja, kwa hiyo nilijaza magazeti kwenye vidole, nikasimama, nikapiga hatua moja. Hatua ya pili sikuipiga mimi. Nilipita chini ya cherehani, nikachukua ndoo ya gundi, nikaishia kwenye mlango. Mshonaji alikuja kuchungulia akauliza kama naumwa. Nimemwambia nafanya utafiti.

Ushindi! Mgongo unauma, lakini ushindi.

Nitamwona Bwana Breki chali, miguu juu, mbele ya mama yake. Hataumia. Ana nyama za kutosha huko nyuma, na sakafu ya pale ni ya mbao. Ataaibika tu. Kuaibika si ugonjwa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mazoezi. Nimepanga makopo kumi kwenye ukumbi wa nyumba, nimechukua tikiti maji, nimelivingirisha. Tikiti limekata kona, limeingia jikoni, limegonga mtungi. Kifungua mimba wetu, binti wa miaka kumi, ameniambia kwa upole kwamba natakiwa kutazama makopo, si tikiti. Kitinda mimba akarusha mara moja akaangusha manane. Ana miaka sita. Nimewaambia mazoezi yamekwisha.

Nimesikia kwa watu kwamba Bwana Breki anajifua uwanjani kwake, anaangusha zile koni za kufundishia wanafunzi. Na ajifue! Aliye juu mngoje chini. Huyu nitamngoja chini hasa, sakafuni.

Jioni mke wangu kasema jambo la kuchekesha. Eti ni ajabu viatu vya kaka yake havijawahi kulala karakana hata usiku mmoja, na vyake yeye vimekaribia kusherehekea nusu mwaka. Nikamweleza kwamba mtu na mke wake hawawekeani foleni, wanaelewana. Akanitazama. Ana macho ya mama yake. Akasema sawa, atatafuta njia nyingine. Ndiyo maana nampenda, si mtu wa ugomvi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimepeleka jozi sitini. Meneja kafurahi, kanipa mkono mara mbili. Nimemuomba jozi za arobaini na tatu aziweke mbele mbele. Kauliza kwa nini. Nimemwambia ni namba yenye watu wengi wa heshima.

Nimesoma hotuba mbele ya kioo. Ukurasa wa saba nimelia. Wa nane nimelia tena, lakini huo ulikuwa mgongo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sijavua hata viatu. Nitaandika hivyohivyo.

Tuliingia ukumbini watu kumi na wanne. Hapo tisa ni watoto, kwa hiyo hesabu kelele za watu hamsini. Ukumbi wenyewe taa za rangi, muziki, njia sita za mbao zinazometameta kwa mafuta, na kule mwisho pini zimesimama kumi kumi. Mpira ukigonga pini unasikia mpaka kwenye meno. Mama mkwe aliingia na mkoba wake wa kazini wa zamani, akaangalia huku na huku, akauliza darasa la ngapi linasimamia hapa.

Tukapanga foleni kaunta. Mhudumu alikuwa dada mnene mwenye kipaza sauti, kwa sababu muziki ulikuwa juu na kila namba lazima aitangaze ili mwenzake wa nyuma aisikie. Mke wangu akasema namba yake. Dada akatangaza: arobaini! Nyuma yake Bwana Breki. Nikasogea. Nikaandaa uso wa kutojua lolote.

Dada akatangaza: arobaini!

Nikasema amekosea. Nikasema kwa sauti. Bwana Breki akageuka akaniuliza nimekuwa mama yake lini. Akaonyesha mguu. Jamani! Mwanaume mrefu kama mlingoti, mguu wa arobaini! Mke wangu akacheka, akasema toka utotoni yeye na kaka yake wanaazimana viatu, mguu wao ni mmoja.

Sasa zile za kahawia miaka sita ni za nani?

Sikupata muda wa kufikiri. Mama mkwe alikuwa amefika kaunta. Mama mkwe, ambaye alikuja kutazama na kuhesabu! Alikuwa ameinama kwa dada, mkono mdomoni, ananong'ona. Dada akaitikia kwa kichwa. Akanyanyua kipaza sauti.

Arobaini na tatu kwa mama!

Ukumbi mzima ukasikia. Mama mkwe alisimama wima kama siku ya ukaguzi, lakini masikio yake yalibadilika rangi. Na mimi moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Nilimwendea mbio. Nikamwambia Mama, nakuomba sana, ukae tu, nikuletee kiti. Akasema kwa nini. Nikasema kwa heshima. Nikasema kwa umri. Hapo nilikosea. Akanitazama yale macho yake, akasema ametembea umri huo wote bila kiti changu. Akaketi, akavua viatu vyake. Soksi zake zina maua ya njano. Akafunga kamba fundo mbili.

Nikajaribu kumpa viatu vyangu. Nikajaribu kupiga kelele za moto. Kitinda mimba akaniuliza baba, moto uko wapi. Mke wangu akanivuta shati, akasema niache vituko, watu wanatazama.

Mama mkwe akachagua mpira mweusi. Akasogea. Hatua ya kwanza alipiga kwenye zulia, salama. Ya pili alipiga kwenye mbao. Ya tatu hakuna aliyeipiga.

Aliondoka! Kwanza amesimama, kimya, amebeba mpira kama anapeleka keki kwa wageni, amepita mstari mwekundu, taa zikawaka, kengele ikalia. Kisha akaketi, polepole, kwa adabu, na akaendelea na safari akiwa ameketi. Bwana Breki alikuwa anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, anapiga kelele breki, Mama, breki! Nikarukia njiani kumwokoa. Sikufika. Nilianguka mtaroni, ule mfereji wa pembeni wa mipira iliyopotea, nikamfuata kwa tumbo.

Katikati ya njia mpira ulimtoka mapajani ukatangulia. Ukaenda taratibu. Ukagonga. Zikaanguka zote kumi. Mama mkwe akakomea hatua nne kutoka pale, ameketi, miguu imenyooka mbele, soli mbili za namba 43 zinazitazama pini.

Hata muziki nadhani ulizimwa.

Nikawaza: nimemuua. Nimemuua mtu aliyenivutia kiti.

Halafu nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa miaka kumi na mbili. Mama mkwe anacheka! Si kicheko cha mwalimu mkuu. Kicheko cha mtoto wa darasa la pili, cha kwikwi, cha kushika mbavu. Alilala chali palepale kwenye njia akacheka akitazama taa za rangi. Wajukuu wakalipuka. Mke wangu, aliyekuwa anakimbia kumpima mapigo ya moyo, naye akateleza akaketi, akaanza kucheka. Mama mkwe akauliza zamu yake nyingine ni lini.

Meneja akaja mbio. Akasema samahani, aliyevuka mstari hahesabiwi. Mama mkwe akamtazama, akamwambia asogee. Akamtazama tena. Akamuuliza kama si yeye aliyekuwa dawati la nyuma darasa la nne, aliyekula chaki. Meneja akasimama wima, mikono nyuma. Pini zote kumi zikahesabiwa.

Baada ya hapo aliteleza zamu zote. Watu wa njia nyingine waliacha michezo yao wakaja kumhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, aende! Watoto wakagombea zile jozi mbili za arobaini na tatu zilizobaki, wanaingiza miguu na viatu vyao humohumo, wanateleza kwenye mbao wawili wawili. Kifungua mimba alisema hii ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu azaliwe. Na mimi nilicheka, niseme ukweli. Nilicheka mpaka mgongo ukapona.

Matokeo: Mama mkwe mia moja na kumi na mbili. Mke wangu tisini na nane. Bwana Breki sitini na moja. Mimi ishirini na tatu.

Sitini na moja ni zaidi ya ishirini na tatu. Bwana Breki alinikumbusha hilo ndani ya gari mara nne. Hotuba yangu imekwenda na maji.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimelala kifudifudi. Mtaro wa boling una kingo kali.

Meneja kapiga simu. Nilidhani ananishtaki. Kumbe watu wamepiga simu tangu asubuhi wanauliza vile viatu vya kuteleza. Anataka jozi nane zaidi, namba tofauti. Nimemwambia nitafikiri.

Sina raha. Hotuba iko chini ya mto. Ukurasa wa kwanza nimeusoma mara tatu.

Saa kumi jioni mke wangu kaniambia mama yake ana kazi na mimi, atakuja karakana keshokutwa. Peke yake. Nimeuliza alikuwa anacheka au amenuna. Kasema hakucheka wala hakununa, alikuwa anatazama. Ameniuliza nimefanya nini. Nimemwambia sijafanya kitu. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akaenda kazini.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Kaja saa tatu kamili. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia marahaba mara moja. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akafungua mkoba, akatoa kipande cha nta ya mshumaa, amekikwangua kwenye soli ya Jumamosi. Akakiweka mezani. Akasema amefundisha miaka thelathini na tano, amewahi kupakiwa nta kwenye kiti, kwenye ngazi, na mara moja kwenye kengele. Akauliza hii alikuwa amewekewa nani.

Nikasema. Yote. Magunia, breki, namba, Bwana Breki chali. Nilipofika kwenye viatu vya kahawia niliinamisha kichwa nikasema Mama, ungeweza kuvunjika. Nikalia, naam, mbele ya picha za visigino.

Akangoja nimalize. Kisha na yeye akasema la kwake, anatazama ukuta. Vile vya kahawia ni vyake. Toka usichana mguu wake ni mkubwa, walimcheka shuleni, walimcheka alipoolewa, na duka la viatu vya kike halijawahi kumtosha. Akanunua vya kiume, akavivalia ndani. Aliona aibu kuvileta kwa mkwe. Akavipitisha kwa mwanawe, kwa sababu mbili: hakuna ambaye angeuliza namba, na ukoo mzima unajua kwamba viatu vikitoka kwa mwalimu wa udereva navishona siku hiyohiyo, vikitoka kwa mwingine vinaota uyoga. Hata mke wangu amemwambia njia ndiyo hiyo. Yeyote mwenye haraka, ampe kaka.

Nimeielewa siri hiyo kabisa. Sitarudia kosa.

Akavua viatu. Akasema anataka vya kwake, vya kike, vya sherehe, na nipime sawasawa, amechoka kujificha. Nikatafuta karatasi ya kuchorea mguu. Hakuna. Magazeti yote nilishayajaza kwenye utafiti. Mfukoni nilikuwa na hotuba tu. Nikaweka ukurasa wa saba chini, akaukanyaga, nikapiga magoti nikauzungushia penseli. Yeye huku juu akachukua ukurasa wa kwanza akaanza kusoma.

Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilizungushia penseli mara tano. Alisoma kimya kurasa zote kumi. Kisha akainua mguu, akachukua na ule wa saba. Nikasikia mkono wake kichwani kwangu, mzito, kama wanavyoshikwa watoto waliofaulu. Akasema kile kiti alinivutia kwa sababu mimi peke yangu, katika wageni wote, ndiye niliyevua viatu mlangoni nikavipanga vizuri na vya wenzangu. Basi.

Koo halikukauka. Nikamwambia asante, Mama. Maneno mawili. Miaka kumi na mbili!

Akapuliza pua, akarudi kuwa mwalimu mkuu. Hukumu: kwa kuwa mshindi ni yeye, anayemchagua msemaji ni yeye. Nitazungumza mimi. Lakini si kurasa kumi na moja. Ni yale maneno tu yaliyo ndani ya mchoro wa mguu wake, ukurasa wa saba. Yaliyo nje ya mstari asiyasikie.

Nimeyahesabu. Tisini na sita. Mungu ambariki kwa mguu mkubwa.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Viatu vya Mama mkwe vimekamilika. Ngozi laini rangi ya zambarau, kisigino kifupi, ua la njano dogo ubavuni. Soli yenye breki pande zote mbili. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi. Nimevibusu, mshonaji kaniona.

Mambo yote yamekaa sawa. Nina hotuba, nina radhi ya Mama, nina amani. Mtu mwenye akili angeishia hapo na kushukuru.

Lakini! Kumbe Bwana Breki naye amepewa kazi. Ataongoza watu wakati wa kuingia, yeye mbele, kwa mwendo wa kucheza, na Mama mkwe nyuma yake. Mbele! Aliyepata sitini na moja! Kapita hapa mchana kunitangazia. Na katika kutangaza huko akaacha mfuko, akasema ni viatu, vinatakiwa leoleo, akaondoka anachekacheka.

Nikafungua. Vyeusi, vya kamba, vimechoka. Nikatafuta namba. Arobaini.

Arobaini! Nilikaa chini. Wiki iliyopita ningekuwa mjinga, lakini mtu hujifunza. Sasa najua, na ukumbi mzima ni shahidi, kwamba namba ya Bwana Breki ni arobaini. Mguu haudanganyi!

Nimevishona, nimevipiga rangi, vinang'aa. Kisha kisigino cha kulia nikakilegeza. Kidogo tu. Nimeacha msumari mmoja mfupi na nukta ya gundi. Kutembea atatembea. Akianza kucheza, na hasa akipanda ngazi za jukwaa, kisigino kitabaki nyuma na yeye atatangulia.

Vyembamba kidogo kwa mwanaume, lakini najua ana madoido. Na vinanukia dawa ya hospitali. Labda maskini ana fangasi. Sitamwambia mtu, kila mtu ana aibu yake.

Kaja kuvichukua saa kumi na moja. Kashukuru mno. Nikashukuru mimi zaidi.

Nimepanga rafu pia. Viatu vya mke wangu havipo mahali pake. Amevichukua mwenyewe bila kuniambia, bila shaka amekata tamaa. Afadhali, kazi imepungua.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Naandika haraka, tunakaribia kutoka. Suti imenikaa. Ukurasa wa saba uko mfukoni, maneno tisini na sita nayajua kwa moyo. Mama mkwe katuma picha ya miguu yake miwili ndani ya viatu vya zambarau, bila neno. Nimeitazama sana.

Wanangu wanaimba ngazini. Mke wangu kavaa, anapendeza kupita kiasi. Kanizungukia mara mbili sebuleni kwa mwendo wa kucheza, kanionyesha viatu vyeusi vinavyong'aa, kaniuliza navionaje. Kasema kapata fundi mzuri, hachukui hata siku. Nimemwambia vizuri, vizuri, huku napitia hotuba. Wake za watu wana bahati ya mafundi siku hizi.

Mipango imebadilika kidogo, kasema. Kaka yake amesalimu amri, kamwachia yeye kazi ya kuongoza watu, na mimi nitacheza ubavuni mwake mpaka juu ya jukwaa. Hasara! Bwana Breki atakuwa katikati ya watu, hataonekana vizuri akianguka. Haidhuru, nitamsikia.

Mke wangu ananiita tena. Anasema nimshike mkono barabara kwenye zile ngazi, kuna kitu kinachezacheza chini ya kisigino. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Mimi ndiye fundi, na leo najua hasa ni nani atakayeanguka.